Mito Mitatu

Saa nane usiku, Mabela imelala,
nami nimekaa kitako kitandani,
mito mitatu mgongoni.
Kiungulia kimepanda.
Kimeanzia chini ya chembe cha moyo,
kikatambaa hadi kooni, kikaacha ladha
ya baisa iliyosahauliwa mdomoni.
Mume wangu anakoroma. Kiyoyozi nacho kinakoroma.

Kosa langu nalijua: urojo wa Bi Ghaniya,
ndimu mbili, bajia, pilipili ya kusaga,
saa nne ya usiku. Nilisema bakuli moja tu,
bakuli likazaa bakuli.
Kisha kahawa. Ukikitikisa kikombe mapema
atakuuliza nani kakuudhi.

Daktari wa Seeb, kijana wa Kerala,
alinichorea tumbo nyuma ya karatasi ya dawa:
kuna mlango mdogo hapa, umelegea bawaba.
Acha ndimu. Acha pilipili, nyanya, kahawa.
Usilale umeshiba.
Nikamwuliza, basi Uzanzibari wangu ubaki wapi?
Hakucheka. Akaandika vidonge vya mwezi mzima.

Darasani nafundisha sehemu na desimali
huku nameza mate.
Moto ukinijia nageukia ubao, nasubiri upite.
Watoto wanadhani nafikiri.
Hata sijida nimeifupisha, Mola anisamehe,
maana nikiinama tu
maji makali hupanda pamoja na dua.

Nikidhani ni siri yangu peke yangu.

Mpaka harusi ya Muhenna, kule Samail.
Sinia zimeondolewa, vidole bado vinanuka samli,
Rayya akafungua mkoba taratibu
kama mtu anayeiba,
akatoa kidonge cheupe cha kutafuna.
"Nipe na mie," akasema mama wa bibi harusi.
"Na mie."
"Mwanangu, kimebaki?"
Pakiti ikazunguka mkeka mzima
kama chetezo cha ubani,
kila mmoja akitafuna, macho chini,
dhahabu kifuani,
na chini ya dhahabu, moto wake.

Saa tisa sasa. Nanyanyuka kutafuta maji.
Ng'ambo ya ukuta, jikoni kwa Bi Ghaniya, taa inawaka.
Amesimama dirishani na khanga yake ya kulalia,
gilasi mkono mmoja,
mkono wa pili kifuani.

Hajaniona.
Kesho atanipigia simu, njoo, kuna urojo.
Nami najijua.