Kiuno cha Nguzo

Mhandisi Badri aliingia dukani kwangu na mvua mabegani,
akauliza kama naweza kukata kitambaa kisichosamehe.
Nilikuwa napunguza suti ya mtu aliyekondeshwa na talaka.
Nikamjibu: hakuna kinachosamehe.

Basi nikashuka chini ya daraja, ukingoni mwa Rioni,
mimi Nanuli, fundi cherehani wa Kutaisi,
na mkasi wangu, na futikamba shingoni.

Nguzo nne. Nje bomba la chuma, ndani zege,
wameoana tangu mwaka aliozaliwa kaka yangu:
zege hubeba, chuma hulishika lisipasuke,
kila mmoja akidhani ni yeye anayevumilia.
Ya tatu imevimba karibu na unyayo,
uvimbe mdogo, kama mimba isiyotangazwa.
Juu yetu basi likapita. Kutu ikatudondokea kwenye chai.

Waliisugua kwa mchanga mpaka chuma kikang'aa
kama kijiko cha arusi.
"Haraka," akasema Badri, "jioni kutu itarudi,
ina ufunguo wake."

Kaboni ni nyeusi, inateleza,
nyuzi zote zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa kwa maji.
Vijana waliikata kwa kisu, ikafumuka.
Nikawaonyesha: bandika utepe, kata katikati ya utepe.
Nyuzi zizunguke, zisisimame;
mkanda haushiki tumbo kwa kupanda juu.
Na ncha ilalie ncha, shubiri nzima.

Otia alikuwa tayari kuivisha. Badri akapiga ukelele:
bitana kwanza!
Kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo, kikae katikati,
maana kaboni ikigusa chuma penye unyevu
chuma ndicho kinacholiwa.
Nilicheka. Nani wa kunifundisha mimi bitana?
Halafu nikamkumbuka yule mwenye suti.

Gundi huchanganywa ndoo kwa ndoo,
dakika thelathini, kisha ndoo yenyewe inapata homa.
Rola ikapita, ikapita, ikifukuza hewa.

Siku ya nne Badri akanipa sarafu. Gonga, sikiliza.
Ti. Ti. Ti, ti. Ti.
Du.
Debe tupu huvuma; hili lilinong'ona tu,
tupu la ukubwa wa kitufe.
"Nani atajua?" akasema Otia. "Kitufe!"
Nikamwambia nimeona suruali ya mfalme ikianguka jukwaani
kwa kitufe.
Wakatoboa, wakalidunga gundi kwa bomba la sindano.

Sasa zote zimepakwa rangi ya kijivu.
Kaka yangu huvuka kila alfajiri na makreti ya jibini.
"Miezi miwili wamefunga njia," asema, "kwa rangi tu."
Namwacha.

Sarafu sikuirudisha.
Usiku nagonga meza, kabati, fremu ya mlango,
ti, ti,
na ukuta wa chumba alimolala mama mwaka wake wa mwisho,
pale kitanda kilipoegemea,
wanijibu du.