Buruji

Mgeni elfu tano, mwenyeji elfu moja,
na mwenyeji haji.

Leo kaja mama mmoja wa Kipolandi,
kavaa viatu vya kupandia milima,
na kilima chetu cha Chake ukikohoa umekimaliza.
Akauwekea mnara kiganja
kama apimaye homa ya mtoto,
akauliza: hiki nyinyi mwakiitaje?

Nikamwambia, inategemea umemuuliza nani.

Bibi yangu Time wa Tibirinzi alisema Gereza,
wala hakukusudia mtu kufungwa.
"Kimbia Gerezani kaniletee chumvi."
Wareno walilileta neno hilo likiwa kanisa.
Walipokwenda zao walituachia neno
na ng'ombe wa kuchezwa uwanjani.
Kanisa likavuliwa msalaba, likavikwa mizinga,
mizinga ikala kutu,
likabaki na kufuli.
Hakimu akilitamka leo hajui
kuna sala imekwama humo ndani
kama kokwa ya ndimu aliyoimeza mtoto.

Maalim Hamad, chuoni, alisema buruji.
Tulisoma tukiyumba, ufito wa mpera juu ya mkeka:
naapa kwa mbingu yenye buruji.
Nami nikatazama makuti ya paa
nikiwaza minara hiyo ya juu nani anailinda,
na mizinga yake imeelekezwa kwa nani.
"Nyota hizo, mjinga wee," Mwanaali akaninong'oneza,
tukala ufito sote wawili.

Ami Sleyum, aliyekuwa askari wa Mwingereza,
buruji kwake ilikuwa tarumbeta:
ikilia jioni kambini, kila kiumbe wima,
hata mbuzi, akiapa.

Jiwe, nyota, shaba.
Neno moja, na kila mtu ana lake ndani yake,
kama nyumba ya urithi isiyogawanywa.

Mama wa Kipolandi akacheka. Kwao, akasema, ni *baszta*.
Mie nikasikia bashasha.
Nikamweleza bashasha ni nini, akaiandika kitabuni mwake,
na uso wake ukaifanya.
Neno lao walilichukua kwa jirani,
jirani alilichukua kwa Mtaliana,
na Mtaliana ukimuuliza atakwambia hakumbuki.
Lilikuwa boma la magogo,
likawa mnara wa kutungulia watu kwa mishale,
na mjini kwao sasa ni duka la keki:
watoto wakitoka skuli wanakwenda Baszta
kula maandazi yenye jamu.

Hakuniuliza baba yangu alipaitaje.

Baba, Shaame Mbarouk, aliwekwa humu miezi saba
kwa magunia mawili ya karafuu
yaliyokutwa chini ya makumbi, njia ya Shimoni.
Aliporudi hakusema gereza. Hakusema ngome.
Alisema *kule juu*.
Chai ikipwaya: "Hii ya kule juu."
Mvua ikivuja kitandani: "Afadhali kule juu."
Neno likatanda nyumba nzima,
jino likiuma lilikuwa kule juu,
deni la duka la Kanji kule juu,
hata ndoa ya shangazi, ambayo hatukuitaja mbele za watu.

Siku aliyokufa, imamu akatupa pole:
"Baba yenu ametangulia juu."
Mdogo wangu Mbwana, miaka sita,
akamshika kanzu, mikono inatetemeka:
"Kwani karafuu tena?"

Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka
akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mgeni kaandika kitabuni, pale pa maoni,
neno refu lisilosomeka, lenye mkia.
Saa kumi nafunga mlango.
Kufuli la Kichina, ufunguo nautia kwenye pochi
pamoja na chenji na vidonge vya presha.
Nikifika nyumbani Mbwana, sasa ana ndevu,
ananiuliza nilikuwa wapi kutwa.
"Kule juu," namwambia,
naye anasogea kitini, ananimiminia chai.