Kutu ya Ndani

Miaka thelathini na mmoja nimekwangua kutu
pale Mwanza South, kwenye matumbo ya meli zilizopanda chelezo.
Kutu naijua kwa kucha. Naijua kwa harufu,
hasa asubuhi, jua halijapasha bati.
Haibishi hodi. Huanzia chini ya rangi,
pale ulipopita na brashi ukasema, hapa pazima.

Mwezi wa tatu nikaanza kuona wadudu wa ziwani,
lile wingu lao linalosimama juu ya maji kama moshi.
Nikapunga mkono. Nikapunga tena.
Lushinge, kijana wangu wa kubeba nyaya, akaniangalia:
"Fundi, unafukuza nini? Leo hakuna wadudu."

Nikajifanya nafuta jasho.

Bugando, daktari alikuwa binti mdogo, Nyanjige.
Aliniwekea matone, taa zikavimba kama mafundo ya moto,
akaingia na mwanga wake hadi ukuta wa nyuma wa jicho.
Nikamwambia: niambie kwa lugha ya karakana.
Akafikiri. Akasema:

"Mzee Bujiku, sukari ikizidi kwenye damu
vile vinu vidogo ndani ya seli hulishwa kupita kiasi,
vinavuja cheche. Cheche hizo ni oksijeni
iliyokosa adabu, inang'ata kila inachogusa.
Mwili una wazimamoto wake; wako wamechoka.
Mishipa ya jicho, myembamba kuliko unywele,
inashika kutu. Inavuja.
Wale wadudu wako ni damu."

Kutu!
Nimeivalia glovu, nimeivalia barakoa,
nayo imenipitia kwenye kikombe,
vijiko vinne asubuhi, vinne jioni, Kabula wangu
akikoroga kwa mapenzi hadi kijiko kinaimba.
Na hewa ileile inayonipandisha kifua
ndiyo inayokula chuma, ndiyo inayonila.

Nikauliza: hakuna rangi? Ile nyekundu ya kwanza,
tunayopaka kabla ya bluu? Jirani kanipa unga wa majani,
anasema unasafisha.
Hakucheka. "Rangi ya kupaka huko ndani bado inatafutwa.
Shusha sukari. Shusha presha. Usikose kliniki."
Kisha akasema ataniunguza kwa mwanga,
alama mia kadhaa pembeni, ili katikati pasalimike.
Hilo halikuhitaji maelezo:
nimechomelea matundu maisha yangu yote.

Jana nimerudi kwenye chelezo. Jicho la kushoto lina ukungu,
la kulia linasoma jina la meli hadi herufi ya nne,
zilizobaki namalizia kwa kumbukumbu.
Lushinge ana soda mkononi, ya pili, na saa nne haijafika.
Nimempa nyundo.
Gonga hapa, nimemwambia, hapa penye rangi nzuri.
Amegonga. Limebanduka ganda la kahawia, pana kama kiganja.
Ameliangalia. Ameiangalia soda.
Amekunywa.

Kesho nitamwambia tena.