Kinyume cha Nyumba

Pesa zilitoka saa tano na robo asubuhi,
riali mia tatu na kumi na mbili,
bibi akiwa jikoni Al-Khoudh anachambua mchele
na simu yake imelala kifudifudi juu ya friji.
Hakuna aliyevunja mlango. Hakuna aliyeruka ukuta.
Mtu alikisia tu.

Nikamuuliza: Bibi, nenosiri lako lilikuwa nini?
Akatazama pembeni, kama aliyeulizwa umri.
Jina la marehemu babu yako, akasema. Na mwaka ule.

Mwaka ule. Hakuutaja, wala sikuhitaji autaje.
Nikampigia Bi Thuwaiba wa Ruwi: jina la mume, na mwaka ule.
Nikampigia mjomba Mundhir, aliyestaafu jeshini,
mtu wa kufunga geti kwa makufuli mawili:
jina la mtaa wao wa Unguja, na mwaka ule.
Subhanallah. Ukoo mzima tumetundika ufunguo mmoja
kwenye msumari mmoja,
na msumari wenyewe ndio jeraha tunalomwonyesha kila mgeni
kabla kahawa haijapoa.

Mimi nauza laini za simu dukani Sib. Maneno ya kazi nayajua:
liwe refu. Lisiwe jina, wala tarehe, wala timu.
Kila mlango na neno lake.
Usimpe mtu, hata akijiita benki,
hata akikuita mama kwa sauti ya asali.
Nikayasema yote kwa Kiswahili changu cha kuokoteza,
nusu Kiarabu, nusu harufu ya jikoni.
Bibi akasikiliza huku akitoa kokoto.
"Yaani unataka neno ambalo halipo," akasema,
"na mimi nisilisahau."
Ndiyo, bibi.
"Hiyo si kazi. Mbona tulikuwa nayo magunia kwa magunia."

Kisha akanitazama usoni:
Kaunata icha?

Nikadhani ni kiharusi. Wallahi nilishika simu niite gari la hospitali.
Akacheka mpaka ungo ukainama, mchele ukamwagika.
Kinyume, mjukuu wangu! Kinyume cha skuli,
yeye na Sharifa binti Nassor wakiyakata maneno mikia
na kuibandika kichwani,
ili mwalimu wa kushona asijue nani anasengenywa.
Kitabu kikawa bukita. Chai ikawa icha.
Nyumba ikawa mbanyu.
Hilo la mwisho alilisema taratibu, akanyamaza.
Miaka sitini hajalitia mdomoni.
Sharifa kazikwa Dubai, mtu pekee
aliyekuwa na nakala ya ufunguo.

Tukakaa mezani. Akaandika kwa kidole kimoja,
midomo ikienda bila sauti, kanipa mgongo,
maneno manne ya kugeuza, yasiyo na undugu,
na katikati akatia alama ya kuuliza
kwa sababu Sharifa, alisema, hakuwa na sentensi isiyo swali.
Vitone ishirini na vitatu vikajipanga kwenye kioo.
Kulirudia, akakosea. Mara ya pili, akakosea.
Ya tatu simu ikamfungia nje.
"Nimejificha," akasema, "mpaka nimejikosa."
Tukanywa icha tukisubiri nusu saa ipite,
joto la Julai likigonga madirisha kama mdai.

Nami nikataka kujaribu. Nikachukua maneno niliyo nayo,
yale machache ambayo hakuna aliyenifundisha
kwa kuwa yalikuwepo tu.
Bibi. Nikakata mkia, nikaubandika kichwani: bibi.
Baba: baba.
Mama. Dada. Lala.
Nikageuza tena nikidhani nimekosea.

"Hayo hayana kinyume," akasema,
kapiga magoti, anaokota mchele sakafuni punje moja moja.
"Hayo usiyatie kwenye simu.
Kila mtu anayajua."