Cheti cha Mvua

Chupa ilifika maabara imefungwa kwa kanga,
kama mtoto anayepelekwa kliniki na shangazi yake.
Na kweli shangazi ndiye aliyeileta,
Bi Mwanamkasi wa Barabara ya Kumi na Nne,
mkono wa kushoto mzito tangu mwezi wa Rajabu.

"Ya Quds hii," alisema. "Zeituni ya mlimani.
Kaniuzia Ghalibu, mtu wa nasaba."
Hakuja ipimwe. Alikuja kunikoga.
Kijiko kimoja nilikiomba kwa adabu,
nikamwambia nataka kupaka nywele.

Mafuta hayana ulimi, ndiyo maana yanasingiziwa.
Lebo ina mji, ina kuba la dhahabu, ina tarehe;
tone halina ila mizigo yake:
asidi hii nyingi, ile haba,
na haidrojeni, nyepesi na nzito,
iliyonywewa na mzizi siku mvua iliponyesha.
Wingu likitoka baharini kwenda bara
hutua kwanza kilicho kizito, kama mchukuzi mwenye akili,
na kadiri linavyopanda ndivyo linavyobaki na vyepesi.
Mmea hunywa kilichosalia, ukakiandika ndani ya mbegu
kwa mwandiko usiofutika kwa kuchuja wala kwa kisomo.

Mashine yetu ya Tanga inajua asidi tu.
Habari za mvua niliziulizia Dar es Salaam:
kichupa ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kopo mikononi mwa kondakta wa basi la saa kumi na mbili.
Wiki sita.
Mkono wa shangazi ukaanza kushika kikombe.

Asidi ilikuwa imeshasema mapema,
kilele cha pili kirefu kuliko cha kwanza.
Zeituni haisimami hivyo. Alizeti husimama hivyo.
Kisha karatasi ya mvua ikaja, nikailaza
juu ya karatasi ya alizeti niliyoinunua mwenyewe
kwa mkulima wa Ikungi, mwaka juzi, nikitoka msibani.
Zikalingana kama nyayo za mtu mmoja.

Singida.
Yamesafiri, nisiyadhulumu:
yamepita Dodoma, Chalinze, Segera,
hadi nyuma ya duka la Ghalibu
ambako yalipewa jina na ukoo.

Nilicheka, kisha nikanyamaza.
Maana sebuleni kwetu, ukutani, kuna lebo pia:
shajara ya ukoo ndani ya fremu, mizizi Shirazi,
wino wa kijani, babu juu ya babu
hadi mmoja asiye na kaburi.
Usiku ule nilikata unywele wangu, nikaupa namba ya sampuli,
nikautuma kwa kondakta yule yule.

Unywele nao hunywa, na haujui kusitiri.
Ulisema: Zigi. Ulisema: bwawa la Mabayani,
bomba la Mwanzange lenye kutu,
maji ya miezi mitano iliyopita, basi.
Zaidi ya hapo haukuwa na habari, na haukuongeza.
Sisemi Shirazi ni uongo.
Nasema haina kilele kwenye grafu yangu.

Ripoti ya Ghalibu nimeiandika, sahihi na muhuri,
imekwenda inakohusika.
Ya shangazi nilimpelekea kwa mdomo,
Ijumaa, baada ya wali.
Aliutazama mkono wake kwa muda,
akaukunja ngumi, akaukunjua.
"Kumbe Singida nako kuna baraka," akasema,
"na mimi nimelipa nauli ya Quds."

Kisha kwa mkono ule ule, wa kushoto,
akaivuta chupa, akaanza kuibandua lebo kwa ukucha,
polepole, kuba likitoka vipande vipande,
akaniomba kalamu.