Ukurasa Uliobaki

Waliosema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge
hawajawahi kuamka Uyole mwezi wa saba,
ndoo imevaa utando wa barafu.
Mimi niliyavulia nguo nina miaka ishirini na mitatu,
nikayaacha hapo,
yakanisubiri kumi na minane.

Msimamizi wangu, Dakta Lugano, ni rika la mdogo wangu wa mwisho.
Siku ya kwanza shikamoo yangu na shikamoo yake
ziligongana mlangoni,
ikabidi tucheke, kila mmoja akaokota ya kwake.

Nilimpelekea katoni ya sabuni iliyofungwa kamba ya katani.
Ndani, madodoso arobaini, wino wa bluu,
pembe moja imeguguniwa na panya:
kaya arobaini za Isyonje
nilizozihoji kabla baba hajaanguka shambani
na ada ya chuo ikanunua mbao na sanda.

Akayapekua bila haraka.
"Mama," akasema, kwa upole wa mtu anayeonja maziwa ya jana,
"takwimu huchacha.
Itabidi urudi ukawaulize upya."

Nikamwachia Tumpe meza yangu ya viazi pale Mwanjelwa,
mzani na daftari la madeni.
Nikashuka Isyonje
ukungu haujaamua bado uondoke au ubaki.

Pareto niliyoiandika ekari kwa ekari haipo.
Ni viazi mpaka kwenye miguu ya mlima,
matuta yamenyooka kuliko mwandiko wangu wa zamani.
Kaya namba tatu: kufuli lenye kutu.
Kaya namba saba: mzee Mwampashi,
aliyejibu "sijui" maswali yote thelathini na mbili
kisha akanipa kabichi ya kubeba kwa mikono miwili,
yuko nyuma ya nyumba, chini ya msalaba wa saruji.
Nikaandika: hayupo.
Fomu haina kisanduku cha kabichi.

Kaya namba kumi na mbili alifungua msichana,
udongo umempanda hadi viwiko.
Nikamsomea karatasi ya zamani:
Mhojiwa, Anyisile, mkulima. Watoto wawili, mmoja mgongoni.
Na pembeni, kwa penseli:
mtoto analia sana, mahojiano yamekatishwa.

"Mliaji ni mimi," akasema.
Tulicheka mpaka kuku wakahama uani.

Mama yake yuko Chunya kwa kaka, anaponda mawe ya dhahabu.
"Lakini alikungoja. Kila msimu alikuwa akisema,
yule dada wa karatasi alibakiza ukurasa, atarudi.
Swali lenu lilikuwa: mazao unamuuzia nani?
Jibu aliniachia mimi.
Mwambie, namuuzia anayekuja,
anakuja na gunia lake, na lumbesa juu ya gunia,
na bei ameshaipanga njiani."

Kalamu ikagoma. Nikasingizia baridi.

Maana nilikuwa nimekuja.
Miaka kumi na minane nimesimama barabara ile ile,
pale kwenye mkaratusi uliopigwa radi,
nimekanyagia viazi kwa kisigino gunia lipate shingo,
nimehesabu noti nikiwa nimegeukia upande,
nikapanda lori.
Swali hata moja sikuuliza.
Na kumbe nilikuwa ninalo tayari, limechapwa,
swali la thelathini, ndani ya katoni,
chini ya kitanda changu.

Nikaandika jibu la Anyisile neno kwa neno.
Sikulinyoosha.
Binti akatazama mkono wangu unavyokwenda,
akatazama viatu vyangu, na udongo wa kwao
uliokwisha kuzoea nyayo zake.

"Na wewe mama, ukiacha hii shule,
unafanya kazi gani?"

Hakuna mstari wa mhoji kujibu.
Nikageuza karatasi upande mweupe,
nikamwambia.

Hakusema kitu kwa muda.
Akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili,
akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Haya, kaa," akasema.
"Tuanzie kwenye mzani."