Kidole Gumba cha Ukurasa wa Tisini

Alhamisi ya kwanza tulikuwa saba,
nyuma ya duka la Mwasiti, Magomeni Mapipa,
baina ya majora ya vitenge na cherehani iliyofunikwa shuka.
Kitabu kilikuwa kimoja, cha kuazima,
kimechoka mgongo, kinanuka dawa ya mende.
Tukatoa kopi: kurasa mia saba na kumi,
tukazifunga kwa uzi wa kushonea suruali.

Mjini hapa kila mtu anakijua.
Hutajwa harusini, hutajwa kwenye usaili wa kazi,
na aliyekimaliza hajaonekana.
Shomvi, mlinzi wa benki, akasema,
"Mfupa uliomshinda fisi."
Mwasiti akamjibu, pini mdomoni,
"Fisi alikuwa peke yake."

Wiki ya pili tukaingia kwenye ile sentensi.
Ukurasa wa sabini na mbili mtu ananyoosha mkono abishe hodi,
na mkono haufiki mlangoni mpaka themanini na tatu.
Njiani humo mna vita, mahari, mbuzi aliyepotea,
madeni ya babu, moja moja, na riba yake.
Tukaisoma kwa kupokezana, kama wazima moto na ndoo,
kila mmoja mpaka pumzi imkate.
Lwitiko wa duka la dawa alifika kwa mbuzi, akapaliwa.
Mzee Rweyongeza, miaka thelathini na moja msahihishaji wa prufu,
akaandika pembeni kwa wino mwekundu: *nukta iko wapi?*
Kisha akaikata. "Samahani," akasema. "Mazoea."

Wiki ya sita tulibaki watano.
Mmoja alihamia Kibaha.
Mwingine alisema wazi: kitabu hiki kinanidharau.
Hatukumbishia. Hata mimi kilinidharau,
mimi karani wa mahesabu, niliyezoea kila safu kuwa na jumla.
Mstari, kamusi. Mstari, kamusi.
Usiku mmoja neno halikuwemo kwenye kamusi,
nikampigia mama, Kilwa. Akacheka sana.
"Hilo neno la bibi yako!
Ni yale masizi yanayobaki chunguni hata ukisugua.
Limefikaje kitabuni?"

Halafu ukurasa wa tisini.
Kijana wa kopi, Kariakoo, alikuwa ameshikilia karatasi,
mashine ikamchukua na yeye:
kidole gumba cheusi, kucha na mistari yake,
kimelala juu ya maneno.
Mlango umefunguliwa, mwanamke anamtazama mgeni,
anamwambia —
kidole.

Tulibishana Alhamisi tatu.
Shomvi: "Umechelewa mno, baba."
Mwasiti: "Nani amekufa leo?"
Mzee Rweyongeza akaleta rula:
"Herufi kumi na saba, pamoja na nafasi na koma. Hayaenei, Shomvi."
"Kidole kinene hicho, mzee, yataenea."
Uniti za LUKU zikaisha katikati ya hoja,
tukaendelea gizani, kila mtu na mwanamke wake mlangoni.
Wangu alikuwa na masizi mikononi. Sikumwambia mtu.

Mwenye kitabu aliporudi kutoka Tabora
Mzee alikwenda kukiomba kwa dakika tano.
Akarudi, akaketi, akavua miwani.
"Karibu, vua viatu."

Basi?
Basi.
Kurasa kumi na moja za mkono hewani, vita na mbuzi,
kwa hilo tu.
Lwitiko akaapa kwamba yeye anabaki na kidole.
Mwasiti alikuwa anatazama kizingitini pake:
buti za Shomvi, ndara zangu,
viatu vya Mzee vilivyopigwa kiraka kisigino,
vimekaa hapo tangu Alhamisi ya kwanza
na hakuna aliyetuambia tuvivue.

Tuko mia tatu na nne.
Zimebaki mia nne na sita, nimepiga hesabu.
Mbuzi hajapatikana.
Zamu yangu kununua umeme.